Bei Inbox: Kwa Nini Vyombo Vizuri vya Muziki Vinauzwa kwa Bei ya Vibovu

Chukua tangazo la kinanda kama yalivyo matangazo mengi kwenye Jiji, Kupatana, Marketplace ya Facebook au makundi ya WhatsApp ya wanamuziki wa Dar es Salaam. Picha ni moja, imepigwa usiku, kinanda kimelazwa kitandani na nusu yake haionekani. Chini yake pameandikwa: "Yamaha used kama mpya, haina tatizo lolote, bei inbox, kama hauko siriasi usipige." Modeli haijatajwa. Umri haujulikani, adapta hatujui kama ipo, wala hatujui kama kii zote zinalia. Kitu pekee kilichoandikwa kwa ukamilifu ni namba ya simu. Mwenye tangazo atapigiwa na watu kibao, kila mmoja akiuliza "bado ipo?" na "mwisho shilingi ngapi?", na mwezi utakatika kinanda kikiwa palepale kitandani. Hapo ndipo utakaposikia kwamba pesa imekuwa ngumu, au kwamba wateja wa mtandaoni ni wababaishaji. Pesa ni ngumu kweli, na wababaishaji wapo. Lakini ukilichunguza soko hili la vyombo vya mkono wa pili utaona kwamba sehemu kubwa ya hasara inatengenezwa na tangazo lenyewe, na anayeilipa ni muuzaji mwenye chombo kizuri, zaidi hata ya mnunuzi anayeogopa kupigwa.

Ili kuelewa kilichobadilika, inabidi kukumbuka nani alikuwa anamiliki vyombo zamani. Katika enzi za muziki wa dansi, mwanamuziki wa Tanzania alimiliki ufundi wake, na vyombo vilikuwa vya mwenye bendi. NUTA Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1964, ilikuwa mali ya chama cha wafanyakazi. Vijana Jazz ilikuwa chini ya umoja wa vijana wa chama tawala. DDC Mlimani Park ilibeba hadi kwenye jina lake shirika la maendeleo la jiji. Mpiga solo aliyehama bendi alihama mikono mitupu. Gitaa au amplifaya ilipouzwa, iliuzwa ndani ya duara dogo la watu wanaofahamiana, na katikati ya duara hilo alikaa fundi mitambo, mtu aliyeweza kusema hiyo amplifaya naijua, niliifungua mwaka juzi, transfoma yake imebadilishwa. Chombo kilisafiri pamoja na historia yake. Leo wamiliki ni wengi na wametawanyika: kwaya na makanisa, studio za chumbani, wakodishaji wa mitambo ya harusi, ma-DJ, kijana aliyetumiwa gitaa na shangazi yake aliyeko Muscat. Tangazo la mtandaoni limewaunganisha watu hawa kwa namna ambayo duara la zamani lisingeweza kamwe, na hilo ni jambo kubwa la kushukuru. Mtu wa Tabata anaona leo gitaa la mtu wa Mbezi ambaye hawajawahi kukutana. Ila tangazo limemleta mteja peke yake. Fundi aliyekuwa shahidi amebaki nje.

Soko linapokosa shahidi, hesabu yake inajulikana. Mwaka 1970 mchumi wa Marekani, George Akerlof, aliandika makala kuhusu soko la magari yaliyotumika ambayo baadaye ilichangia kumpa Tuzo ya Nobel ya uchumi ya mwaka 2001, aliyoipata pamoja na Michael Spence na Joseph Stiglitz. Tuiweke kwa vinanda. Tuseme kinanda kizima cha aina fulani kina thamani ya shilingi 800,000, na cha aina hiyohiyo kilichochoka kina thamani ya 300,000. Muuzaji anajua alicho nacho, mnunuzi hajui. Kama mnunuzi anaona uwezekano ni nusu kwa nusu, atatoa si zaidi ya 550,000. Mwenye kinanda kizima akiona bei hiyo anakirudisha kabatini, anamwachia mdogo wake ajifunzie. Mwenye kibovu anaifurahia. Kadiri wenye vizima wanavyojitoa, ndivyo wanaobaki wanavyokuwa wenye vibovu, na ndivyo mnunuzi anavyozidi kushusha ofa yake kwa haki kabisa. Hakuna aliyedanganya katika hesabu hii. Ukimya peke yake umetosha kuliharibu soko.

Kwa nini vyombo vya muziki viumie zaidi ya bidhaa nyingine za mkono wa pili? Gari lina kadi ya usajili na namba ya chesisi. Simu ina IMEI, na Watanzania wanakumbuka jinsi mamlaka ya mawasiliano, TCRA, ilivyozima simu bandia mwaka 2016 kwa kutumia namba hiyo. Leo mnunuzi wa simu anabonyeza *#06# kuiona bila kufundishwa. Spika haina kitu kama hicho. Ina namba ya utambulisho mgongoni ambayo karibu hakuna mwenye spika anayeinakili popote. Halafu kuna ugumu wa asili ya bidhaa yenyewe: thamani ya chombo cha muziki iko kwenye sauti, na tangazo linauza kwa picha. Spika iliyoungua koili ikasukwa upya inapendeza pichani sawasawa na ile iliyotoka kiwandani. Zaidi ya hapo, ikijaribiwa kwa sauti ndogo sebuleni inalia vizuri tu; kukoroma kunaanza siku ya harusi, wageni wakiwa wameshakaa. Maiki ya Shure SM58, ambayo kiwanda kimeitengeneza tangu mwaka 1966, imeigizwa mpaka kwenye boksi lake, na picha haiwezi kutofautisha halisi na bandia. Mizani ya dukani inaweza kusaidia, kwa sababu uzito uliotajwa na kiwanda ni gramu 298 na nyingi za bandia ni nyepesi, lakini nani ameona tangazo la maiki likiwa na picha ya mizani?

Kinanda ndicho kinachostahili kuangaliwa kwa karibu zaidi, maana ndicho kinachotafutwa na kila kwaya. Chini ya kila kii kuna kipande cha mpira chenye kaboni, kinachogusa saketi kii inapobonyezwa. Mpira huo ukichakaa au ukiingiwa vumbi, kii inaweza kukaa kimya, au ikalia kwa nguvu zote hata ukiigusa taratibu. Kinanda kilichopigwa ibada tatu kila Jumapili kwa miaka huanza kuonyesha dalili hizo katikati, pale mikono inapokaa muda mwingi, huku kii za pembeni zikiwa kama mpya. Muuzaji anayetaka kuficha anapiga wimbo mmoja kwenye oktava isiyo na kasoro na kurekodi sekunde kumi. Na bado, hii ni kasoro ndogo! Fundi anafungua, anasafisha au anabadilisha mpira, anafunga. Kinachoumiza ni kwamba mnunuzi aliyegundua kii moja bubu baada ya kuambiwa "haina tatizo lolote" hawezi tena kujua kama lililobaki ni mpira wa bei ndogo au ni saketi kuu. Anakata bei kana kwamba ni saketi kuu, au anaondoka.

Jambo la umeme ndilo linaloonyesha vizuri zaidi jinsi picha moja ingeweza kuokoa pesa za watu wawili. Makontena ya mitumba yanaleta vyombo kutoka Uingereza, Ghuba, Japani na Marekani. Uingereza na Ghuba hakuna shida kubwa, kwa kuwa umeme wao unakaribiana na wetu wa volti 230, au 240 kama wanavyouhesabu Kenya. Japani inatumia volti 100, Marekani 120. Kinanda kidogo kinachotumia adapta ya nje hakijali sana. Unabadilisha adapta, mradi volti yake, nguvu yake na mpangilio wa chanya na hasi vifanane na vya ile ya awali. Miksa au amplifaya ya gitaa yenye transfoma ndani ni habari nyingine. Ichomeke ukutani bila kifaa cha kushusha umeme, harufu itakujibu kabla ya sauti. Taarifa yote hii imeandikwa kwenye lebo moja ya nyuma, pembeni ya tundu la waya wa umeme, pamoja na modeli na namba ya utambulisho. Katika matangazo yetu upande wa nyuma hauonyeshwi. Tunaonyeshwa mbele, taa zikiwaka.

Sasa "bei inbox". Kuna wanaoitetea desturi hii kwamba sisi ni watu wa maongezi, na ukitaja bei mapema umeyaua. Utetezi huo haushiki, kwa kuwa muuzaji wa Kariakoo anataja bei kila siku na maongezi yanaendelea vizuri tu. Ndiyo maana tangazo lililoandikwa "450,000, maongezi yapo" linaeleweka na kila mtu. Sababu ya kuficha iko kwingine. Matangazo mengi hayawekwi na mwenye mali. Yanawekwa na dalali aliyechukua picha kwenye status ya mtu mwingine, na dalali anahitaji nafasi ya kuweka cha juu. Akiandika bei, mwenye mali ataiona, na mnunuzi akiikuta picha ileile kwenye akaunti tatu kwa bei tatu atajua la kufanya. Kwenye Marketplace, ambako mfumo unalazimisha kuweka tarakimu, bei inaandikwa shilingi 1. Simlaumu dalali kwa kutafuta riziki, na yupo dalali anayejua kabisa ni usharika gani unatafuta miksa ya chaneli 16 wiki hii. Huyo anastahili chake. Lakini mwenye mali anapoiga lugha ya dalali bila kuwa na sababu za dalali, anajinyima faida pekee aliyokuwa nayo, ya kuwa mtu anayeweza kusema bei moja na kuisimamia.

Kuficha bei kuna madhara mengine yasiyoonekana haraka. Wauzaji wengi hupanga bei zao kwa kuangalia matangazo machache ya wenzao yaliyotaja bei, na hapo wanapotea mara mbili. Kwanza, bei ya tangazo ni bei ya kuombwa. Iliyolipwa haiandikwi popote. Pili, chombo kilichotajiwa bei sawasawa huuzwa ndani ya siku chache na tangazo lake likafutwa, wakati kilichotajiwa bei ya ndoto hukaa miezi mitatu kikionekana na kila mpitaji. Unapofungua ukurasa wa magitaa, kwa hiyo, unachokiona kwa wingi ni vile vilivyoshindikana kuuzwa. Anayejifunza bei hapo anajifunza kutoka kwa walioshindwa, kisha analalamika kwamba wateja hawajui thamani ya chombo.

Pingamizi kubwa dhidi ya hoja hii linasikika kila mara: nikitaja kasoro, mnunuzi ataitumia kunikatia bei. Ataitumia, ndiyo. Lakini tulinganishe anachokata. Kasoro iliyotajwa ina gharama inayojulikana, ambayo pande zote mbili zinaweza kumuuliza fundi kwa simu: mpira wa kii, jeki ya gitaa inayokwaruza, twita iliyokufa. Kasoro isiyotajwa haina kipimo, na mnunuzi huijazia kwa mabaya yote aliyowahi kusikia. Gitaa lililokaa Tanga au Unguja, ambako hewa ya chumvi hula nyaya na skrubu, likiuzwa kwa maneno "nyaya zina kutu, zibadilishwe, shingo haijapinda, picha ya pembeni hiyo hapo", linampa mnunuzi hesabu ya seti moja ya nyaya. Gitaa hilohilo likiuzwa kwa "kama mpya", kutu yake ikaonekana siku ya kukutana, linampa sababu ya kuhoji shingo, pikapu na hata umiliki. Muuzaji amefika kwenye mazungumzo akiwa ameshakamatwa uongo mmoja, na kila anachosema baada ya hapo kina bei ya chini.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi, nami nalikubali kwa sehemu. Mwongo naye anaweza kuandika tangazo refu, akataja kasoro ya kubuni ili aaminike, akalipamba kwa maneno ya kitaalamu. Kama maelezo ni maneno tu, basi maneno marefu hayajaongeza kitu. Jibu linapatikana kwa yule Spence aliyetajwa juu, ambaye mwaka 1973 alieleza kwamba ishara huaminika pale inapomgharimu mwongo zaidi kuliko mkweli. Kuandika "haina tatizo" hakumgharimu yeyote. Kurekodi video moja isiyokatwa, ukipita kii ya kwanza hadi ya 61, kisha ukakigeuza kinanda kuonyesha lebo ya nyuma, kunamgharimu mwenye kinanda kizima dakika mbili na bando kidogo. Mwenye kinanda chenye kii bubu hawezi kuirekodi bila kujifichua. Kusema "njoo na fundi wako" ni rahisi kwa mwenye spika nzima na ni kitanzi kwa mwenye spika iliyosukwa koili. Sehemu ya pingamizi ninayoikubali ni hii: kasoro zinazojitokeza baada ya saa mbili za joto, kama amplifaya inayozima yenyewe, hazinaswi na video yoyote. Hapo ndipo fundi analipwa ada yake, na ada hiyo ni ndogo ukilinganisha na kununua mara mbili.

Wengine watasema sheria ipo, mwongo ashitakiwe. Sheria ipo, ila haikukusudiwa kumbeba mnunuzi wa namna hii. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa ya Tanzania Bara, kama ile ya Kenya, imerithi misingi ya sheria ya Kiingereza ya mwaka 1893: wajibu wa ubora unamwangukia zaidi muuzaji anayefanya biashara ya bidhaa za aina hiyo, na mnunuzi aliyekagua mwenyewe hawezi kulalamikia kasoro ambayo ukaguzi wake ulipaswa kuiona. Mtu anayeuza kinanda chake kimoja hayuko kwenye kundi la mfanyabiashara huyo. Upande wa mali ya wizi sheria ni kali, na inamgeukia mnunuzi: kupokea mali ukijua au ukiwa na sababu ya kuamini kwamba ni ya wizi ni kosa katika Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, na nchini Kenya ni kosa chini ya kifungu cha 322 cha Kanuni yake ya Adhabu. Vyombo vya kanisa ndivyo vyenye utata mkubwa hapa, kwa kuwa mara nyingi anayeuza ni mwanakwaya na mwenye mali ni usharika. Barua ya uongozi na hati ya mauziano ya ukurasa mmoja, yenye namba ya utambulisho wa chombo na majina ya mashahidi wawili, haimchoshi mtu aliye safi. Anayekasirika akiombwa hati amekwishajibu swali.

Mahali ambapo mfumo mzima unakwama ni mkoani. Mnunuzi wa Songea au Sumbawanga ndiye anayeyahitaji matangazo ya Dar es Salaam kuliko mtu yeyote, na ndiye asiyeweza kujaribu chombo. M-Pesa, iliyoanza Kenya mwaka 2007 na kuingia Tanzania mwaka 2008, imerahisisha kutuma pesa kwa sekunde, lakini pesa ikishatumwa kwa mtu binafsi hakuna mtu wa kati anayeishikilia hadi mzigo ushuke kwenye basi. Ndiyo maana "tuma nusu nikupakilie" imekuwa njia ya kuibia watu. Muuzaji naye anaibiwa kwa meseji ya kughushi inayofanana na ya muamala, akatoa chombo bila kuangalia salio. Kilichobaki kwa wote wawili ni fundi wa Dar es Salaam anayekubali kupokea chombo, kukijaribu, kukifunga na kukipeleka stendi kwa ada inayojulikana. Wapo wanaoifanya kazi hii kwa kujuana. Inastahili kuwa huduma inayotangazwa kama huduma nyingine, na karakana yake, kwa kuwa ina umeme na watu, ni mahali salama pa kukutania kuliko sebuleni kwa mtu. Kituo cha polisi ni salama pia, lakini nenda kaombe soketi ya kujaribia spika!

Kwingine wamekwenda mbele zaidi. Mtandao wa Reverb, ulioanzishwa Chicago mwaka 2013 kwa ajili ya vyombo vya muziki peke yake, na ulionunuliwa na Etsy mwaka 2019 kwa dola milioni 275, unaweka kumbukumbu ya bei zilizolipwa kweli, na mtu yeyote anaweza kuona modeli fulani iliuzwa kwa kiasi gani. Hatuhitaji kuiga mtandao mzima. Soko letu la mauzo ya ana kwa ana ni jingine. Lakini Jiji, ambayo mwaka 2019 ilinunua biashara za OLX katika Tanzania, Kenya na Uganda, inamtaka muuza gari ajaze mwaka wa gari na kilomita zake. Ingeweza kumtaka muuza vyombo vya muziki ajaze modeli, volti na namba ya utambulisho, na anapofuta tangazo aulizwe ameuza kwa shilingi ngapi. Muuzaji wa leo asisubiri hayo. Simu aliyonayo inatosha: awashe kinanda, arekodi bila kukata kuanzia kii ya kwanza hadi ya mwisho, akigeuze aonyeshe lebo, ataje kilichoharibika, aandike bei.